Vita vya Kusimama: Miaka 29 ya Rebmann Huko Rabai

  Leo nataka tuzungumze juu ya vita vya kiroho. Mwenye Biblia karibu naye na aufungue Waraka wa Paulo kwa Waefeso, mlango wa 6, toka aya ya 10 hata ya 18.

Sehemu hii mnaijua. Mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo na upanga: hata watoto wa Shule ya Jumapili waweza kuvitaja kwa vidole. Lakini liko neno moja ambalo twalipita upesi tukizikimbilia silaha hizo. Neno lenyewe ni kusimama. Mtume analitaja, kisha analirudia tena. Askari wake havai silaha apate kukimbia mbele akiteka miji. Anavaa ili siku mbaya ikija isimkute amelala, na vumbi likiisha kutulia aonekane bado yuko pale pale alipowekwa na Bwana wake.

Siku hizi tukisikia vita vya kiroho, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya kukemea kwa sauti kuu usiku. Bwana Yesu mwenyewe alitoa pepo, wala sina neno la kupinga mkesha wa maombi. Lakini nauliza hivi: mkesha ukiisha, na asubuhi mume bado ni mlevi, mtoto bado hajarudi nyumbani, na darasa la ubatizo bado lina watu wawili tu, je, vita vimekwisha? Mimi naona hapo ndipo vinapoanza. Ili tulione jambo hili vizuri, twende pamoja hata Rabai, kule juu ya vilima nyuma ya Mombasa, tuitazame historia ya watu waliotangulia.

KABURI LA KWANZA

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810. Alitumwa na chama cha misheni cha Kiingereza kiitwacho CMS, akafanya kazi kwanza Ethiopia, hata akafungiwa njia huko. Safarini katika nchi ile kame, mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye akafa mara. Walimpa jina la Eneba, yaani Chozi. Mwanzoni mwa mwaka 1844 wakafika Unguja, na Sultani Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa watu wa pwani. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa.

Hawakukaa Mombasa miezi mitatu. Mwezi wa Julai 1844 Rosine alijifungua tena mtoto wa kike, na homa ikawapata wote. Tarehe 13 Rosine akafariki, na siku chache baadaye yule mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wataliona kaburi lake na kukumbuka kwa nini wageni hawa walikuja. Kaburi hilo liko upande wa Nyali hata leo.

Sasa sikilizeni alivyofanya Krapf. Aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba sasa wanalo kaburi moja katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuwa vita katika sehemu hii ya dunia vimekwisha kuanza. Hakusema, basi tumeshindwa, nirudisheni nyumbani. Mtu mwingine angaliona mwisho pale, lakini yeye aliona mwanzo. Majuma machache kabla ya msiba huo alikuwa ameanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada ya kuzika aliishika kalamu tena, akaendelea.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26. Mwezi wa Agosti mwaka huo walipanda Rabai kuanza kituo cha kwanza. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, nao walikuwa na punda mmoja, basi wakampanda kwa zamu. Hivyo ndivyo jeshi la Bwana lilivyoingia bara la nchi yetu: wagonjwa wawili na punda mmoja. Wazee wa Rabai waliwapokea wakawapa mahali pa kukaa, nasi hatuna budi kuwakumbuka wazee hao kwa shukrani. Siku zile wageni waliwaita Wanyika. Leo twasema Wamijikenda, nalo ndilo jina la heshima. Paulo asema kushindana kwetu si juu ya watu wenye mwili kama sisi. Watu wa Rabai hawakuwa adui wa Injili, bali ndio walioipa Injili kiti cha kukalia.

THELUJI ILIYOCHEKWA

Wengi wamsifu Krapf kwa safari zake, na ni haki. Alikuwa na maono makubwa ya mnyororo wa vituo vya misheni toka bahari hii ya mashariki hata ile ya magharibi. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Mwaka 1851 alirudi huko na mfanyi biashara mashuhuri Kivoi. Kivoi akauawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akatangatanga peke yake nyikani akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Lakini mwaka 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akarudi Ulaya. Aliyebaki ni Rebmann, na leo nataka tumwangalie huyu aliyebaki.

Rebmann naye alikuwa msafiri. Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mwongozi wa misafara, aliuona Mlima Kilimanjaro, na juu yake kitu cheupe. Wenyeji walimweleza kuwa ni baridi. Yeye aliyelelewa katika nchi ya theluji alijua mara moja ni nini. Aliandika habari hizo kwa ukweli na unyofu, zikapigwa chapa London mwaka 1849.

Lo! Wenye elimu walimcheka. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki, alikaa London akaandika kwamba theluji haiwezi kuwako karibu hivyo na ikweta. Kana kwamba misionari yule alikuwa ameota! Jambo hilo liliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka msafiri Baron von der Decken alipoupanda mlima sehemu yake mwaka 1861 na tena 1862, akathibitisha kwamba theluji ipo kweli.

Katika safari yake ya mwaka 1849 Rebmann alitaka kupita Uchagani afike Unyamwezi. Alipofika Machame, mtawala Mamkinga akambana hata akamalizia mali yote aliyokuwa ameiweka kwa safari ya mbele. Alirudi Rabai mikono mitupu, mgonjwa, na moyo umevunjika. Mwaka ule ule mwenzao Johannes Wagner alikufa kwa homa muda mfupi tu baada ya kufika kutoka Ulaya.

Basi hesabuni pamoja nami: mwenzako amekufa, safari yako imeharibika, na kule kwenu waliosoma wanasema wewe ni mwongo. Twamfikiria Ibilisi na pembe na moshi, lakini mara nyingi huja kwa njia hizi za kawaida kabisa. Huja kwa msiba na kwa kicheko cha watu, na zaidi ya hayo huja kwa miaka.

MIAKA YA UKIMYA

Ndiyo, miaka. Silaha hii ya tatu ndiyo iliyo kali, kwa kuwa haina kishindo. Mwaka 1851 Rebmann alikwenda Misri akamwoa Emma Tyler, Mwingereza, wakarudi Rabai pamoja. Mwaka 1855 mwenzao Erhardt naye akaenda zake Ulaya. Tangu hapo mume na mke hao walikuwa karibu peke yao. Mwaka 1857 Wamaasai walishambulia upande ule, wakalazimika kukimbilia pwani kwa muda. Hatari ilipopita wakarudi pale pale. Mwaka 1866 Emma akafariki. Rebmann akabaki, na macho yake yakaanza kuingia giza.

Je, mavuno yalikuwa mangapi? Mtu wa kwanza aliyemwamini Kristo pale Rabai alikuwa maskini aitwaye Mringe, aliyekuwa kiwete, akabatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake wakaja wachache tu. Kama Rebmann angalitakiwa kujaza fomu za kila mwaka kama tunavyojaza sisi, waliobatizwa ni wangapi, sadaka imeongezeka kwa kiasi gani, kamati ingalisema nini? Mkristo wa leo angemwambia, Ndugu, hapa hapana upako, tafuta mahali pengine.

Alifanya nini basi miaka yote hiyo? Aliketi na watu akajifunza maneno yao. Aliandika kamusi ya lugha ya watu wa Rabai. Alikutana na mtu aliyetekwa utumwani kutoka nchi ya Ziwa Nyasa, aitwaye Salimini, akaketi naye akaandika kamusi ya lugha ya kwao, lugha ya nchi ambayo Rebmann hakuwahi kuiona wala hataiona. Aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Neno moja leo na neno moja kesho, na taa ya macho yake ikizidi kufifia.

Ndugu zangu, Paulo aliita Neno la Mungu upanga. Sisi hupenda kuuona upanga ukimetameta mkononi mwa mhubiri jukwaani. Lakini kabla upanga haujameta, sharti mtu aufue. Huyu Rebmann alikuwa mfua upanga. Mfua chuma haimbiwi wimbo wa ushindi, lakini bila yeye askari huenda vitani mikono mitupu.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuwa ametumwa kwa Sultani wa Unguja juu ya kukomesha biashara ya watumwa, alifika Rabai. Alimkuta mzee amekuwa karibu kipofu kabisa, bado yumo katika maneno yake. Alikuwa hajarudi Ulaya tangu aondoke mwaka 1846. Ilipofika mwaka 1875 ndipo alipokubali kuondoka, na Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo, akasafiri naye akimwongoza. Yule aliyekuja kuwaonyesha watu njia sasa aliongozwa njiani na mmoja wa watu hao. Kama hilo si tunda, basi mimi sijui tunda ni nini.

Rebmann alifariki huko Korntal, Ujerumani, mwezi wa Oktoba 1876. Mwaka huo huo Injili ya Luka ya Kiswahili aliyoifanyia kazi ilipigwa chapa. Kamusi yake ya lugha ya Nyasa ilitoka mwaka uliofuata. Kamusi ya lugha ya watu wa Rabai ilingoja mpaka 1887. Yeye hakuiona hata moja ya kamusi hizo.

KUMBE MLANGO ULIKUWA WAZI

Wapenzi, kama hadithi ingeishia hapo ingetosha, kwa maana askari husifiwa kwa utii. Lakini Bwana ametujalia kuona yaliyofuata.

Mwaka 1864 walikuwa wamefika Mombasa Waafrika Wakristo kutoka India, watu waliokamatwa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa, wakalelewa na kufundishwa katika shule ya misheni huko Nasik. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuta nini? Walikuta kituo ambacho mtu mmoja mkaidi wa imani alikuwa amekataa kukifunga. Mwaka 1875, mwaka ule ule Rebmann alioondoka, makao ya watumwa waliowekwa huru yalianzishwa Freretown, karibu na Mombasa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi.

Mwaka huo huo Hannington alifunga safari ya kwenda Buganda kwa njia ya Umaasai, na Jones akawa pamoja naye. Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara huko Mumias, akatangulia na watu wachache. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa wapagazi wake pamoja naye. Jones akawarudisha waliosalia, mwendo wa majuma mengi, wakafika Rabai Februari 1886. Mbele ya msafara walishika bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Ukisoma Samweli wa Kwanza mlango wa 4 utajua maana yake, kwamba utukufu umeondoka. Fikirini wanawake wa Rabai waliotoka mbio kuwalaki waume zao, wakaliona neno lile, wakatafuta nyuso ambazo hazikuwamo.

Je, utukufu ulikuwa umeondoka? Jones alirudi kazini pale pale Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walizidi kuja kukimbilia huko, wakajenga, wakalima, wakafundishwa. Wenye watumwa wakakasirika, ikawa hatari kubwa ya mapigano. Mwishoni mwa mwaka 1888 George Mackenzie, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifanya mapatano ya kuwalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Katika Rabai na vituo vingine vya misheni, watu zaidi ya 1,400 waliwekwa huru kwa mapatano hayo.

Sasa rudisheni fikira nyuma. Kama Krapf angalirudi kwao baada ya mazishi ya 1844, kama Rebmann angalifunga mlango mwaka 1849 au 1857 au 1866, watu hao wangalikimbilia wapi? Mtu anayetoroka usiku na alama za minyororo miguuni hahitaji mahali palipowahi kuwa na mkutano mkubwa. Ahitaji mahali ambapo bado pana mtu. Rebmann alikuwa ameushika mlango wazi kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa alipoanza.

NASI JE?

Wapenzi wasikilizaji, najua wako wanaonisikiliza leo ambao wamechoka. Mzee wa kanisa, umelinda kanisa dogo la mabati kwa miaka mingi, vijana wamekwenda mjini, na wengine wamevutwa na makanisa yenye vyombo vya muziki. Mwalimu wa Shule ya Jumapili, hakuna aliyewahi kukushukuru. Mama, umemwombea mwanao tangu alipoacha shule, na juzi umesikia amefungwa. Adui anakuja kwako na swali moja tu, tena kwa sauti ya upole kabisa: Ya nini tena?

Usimjibu kwa hesabu ya matunda. Katika hesabu atakushinda, kama angalivyomshinda Rebmann. Mjibu kwa jina la yule aliyekuweka hapo. Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kutochoka katika kutenda mema alisema mavuno yana wakati wake, nao wakati huo si sisi tunaoupanga. Tena Bwana Yesu, katika Injili ya Yohana mlango wa 4, aliwaambia wanafunzi wake kwamba wanaingia kuvuna shamba lililotokwa jasho na watu wengine. Huenda wewe ndiwe mwenye jasho, na mvunaji bado ni mtoto mchanga mgongoni mwa mamaye.

Wala sisemi kwamba kusimama ni kukaa bure. Rebmann alikuwa na kazi ya kila siku mkononi, kazi ndogo aliyoweza kuifanya hata macho yalipofifia. Nawe tafuta yako. Ikiwa huwezi kuhubiri, soma mlango mmoja pamoja na jirani. Ikiwa huwezi kumrudisha mwanao, mwandikie barua, kamtazame huko gerezani. Ikiwa huna nguvu za kukesha, omba dakika tano, lakini uombe tena kesho. Mtume alipomaliza kuzitaja silaha zote aliongeza maombi, tena yasiyokoma.

Na tusisahau kwamba hatusimami kwa ushupavu wetu. Rebmann alikuwa mtu wa homa na machozi kama sisi. Yuko mmoja aliyesimama mahali pake peke yake, rafiki zake wote wakiwa wamekimbia, hata kazi aliyopewa na Babaye ikaisha. Yeye ndiye anayetushika. Mikono yetu ikilegea, yake hailegei.

Natuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa ajili ya wale waliolala katika nchi hii kwa ajili ya Injili, wageni na wenyeji, wanaojulikana na wasiojulikana. Watazame watumishi wako waliochoka leo. Uwape nguvu za kusimama mpaka jioni hii, na kesho uwape tena. Watoto wetu waliopotea ukawakumbuke huko waliko. Utufundishe kushika mlango wazi kwa ajili ya wale wanaokuja usiku. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.